Muulize Shangazi: Nguo kwenye kamba ya namba 7

Shangazi, salamu.

Najua meza yako imejaa barua za ndoa na wakwe. Yangu nayo ni ndoa ya aina yake, mimi na wakala wa vyumba vyangu vya kupangisha, na nataka talaka.

Mimi ni askari polisi mstaafu, nina miaka 61. Nimetumika Moroto, Gulu na Arua, huko kaskazini mwa Uganda, na kabla ya kustaafu nilikuwa nikikaa Naguru kambini. Kwa akiba ya ushirika na mkopo wa benki nilijenga vyumba kumi Kireka, pembeni mwa Kampala, vile Waganda wanavyoviita mizigo: sebule ndogo mbele, chumba cha kulala nyuma, vyote vinatazama ua mmoja na bomba moja la maji. Pango ni shilingi 250,000 kwa mwezi. Kwa kuwa wakati huo nilikuwa bado Arua, nilimkabidhi wakala, kampuni ndogo yenye ofisi juu ya duka la simu. Tulisaini tarehe 1 Machi 2023, mkataba wa miaka miwili. Anachukua asilimia kumi ya anachokusanya, na kwa kila mpangaji mpya anachukua nusu ya pango la mwezi wa kwanza. Siku hiyohiyo nilisaini kwa mwanasheria hati nyingine inayompa mamlaka ya kusaini mikataba ya wapangaji kwa jina langu. Na pesa za dhamana za wapangaji, pango la mwezi mmoja kwa kila chumba, anazishika yeye.

Mwaka wa kwanza sikuwa na neno. Pesa ilikuwa inaingia kwenye simu kila tarehe kumi, na karatasi ya hesabu inafuata. Mwaka huu karatasi ikaanza kuja mara moja kwa miezi miwili. Tangu Julai inasema namba 7 haina mtu.

Mwezi uliopita nilikuwa natoka Mukono, nikashuka kwenye teksi Kireka bila kumwambia mtu. Nikaingia uani. Mbele ya namba 7 kuna kamba ya nguo, imejaa: sare mbili za shule, shuka, kanga. Mtoto amekaa kizingitini anakula roleksi, ile chapati iliyokunjiwa mayai, mafuta yanamtiririka kwenye kiwiko. Mama yake akatoka, akaniuliza natafuta nani. Nikamwambia natafuta chumba. Akasema, "Mzee, hapa pamejaa, mimi mwenyewe nilipata kwa bahati mwezi wa saba." Sikumwambia mimi ni nani. Nilipotoka nje nikasimama karibu na choo kama dakika kumi, moyo unanidunda.

Nikaenda hadi kwenye mita ya maji, nikaandika namba yake. Ofisi ya shirika la maji wakaniambia kuna deni la shilingi 1,140,000. Shangazi, kila mpangaji anatoa 15,000 ya maji kila mwezi!

Nimeusoma upya mkataba. Ulijirefusha wenyewe kwa mwaka mmoja, sasa unakwisha 28 Februari. Unasema asiyetaka kuendelea atoe taarifa ya maandishi siku 60 kabla, la sivyo unaendelea tena mwaka mzima. Na kuna kifungu sikukiona siku ile, kwamba wakala ataendelea kulipwa kamisheni kwa kila mpangaji aliyemleta yeye "kwa muda wote atakaoishi katika nyumba hiyo". Wote kumi amewaleta yeye!

Sasa ninakaa Seeta, si mbali. Nataka kusimamia vyumba vyangu mwenyewe. Rafiki zangu wananiambia niende na vijana wawili, nibadilishe makufuli ya geti, nikusanye wapangaji niwaambie kuanzia leo mnanilipa mimi. Mke wangu, aliyeendesha duka la rejareja miaka kumi na minane, anasema mimi sitaweza kazi hii, kwa sababu nina mambo mawili tu: kufoka au kusamehe. Nifanye nini, na nianzie wapi?

Afande Mstaafu, Seeta

SHANGAZI ANAJIBU

Afande, pole kwa ile dakika kumi karibu na choo. Nami nina vyumba sita Kawempe, nilikuwa na wakala, nikaachana naye, kwa hiyo hapa sikuhubirii kutoka vitabuni.

Kuhusu hiyo talaka na wakala, jibu langu ni ndiyo, mwachishe. Anayekaa Seeta na vyumba vyake viko Kireka, na amestaafu, hana sababu ya kumlipa mtu 250,000 kila mwezi kwa kazi ya kupanda teksi moja. Ungekuwa bado Arua ningekushauri vingine, ningekuambia tafuta wakala mwingine. Lakini usiende na vijana wawili, na usiguse kufuli hata moja. Nitakueleza kwa nini, maana kwenye barua yako naona kitu ambacho wewe mwenyewe hukukitaja.

Mama wa namba 7 alikuuliza unatafuta nani. Chumba ni chako, tofali ulilipa wewe, na hakujui. Hao wengine tisa je? Unajua majina yao? Unajua nani amelipa hadi mwezi gani, nani ana deni, nani ameandikiwa mkataba na nani ameingia kwa maneno tu? Kila mmoja ana namba ya simu ya wakala. Yako hawana. Hicho ndicho alichokuwa anakishika wakala muda wote huu, kuliko funguo na kuliko hiyo asilimia kumi. Ukimfukuza leo kwa kelele, ataondoka na daftari, nawe utabaki na ua uliojaa watu kumi ambao kila mmoja atakuambia "Mzee, mimi nimeshalipa hadi Machi." Utawabishiaje?

Basi kwanza daftari, halafu barua, halafu ndiyo funguo.

Wiki hii mwombe hesabu. Mwandikie kwa upole kabisa, kama mtu anayetaka kupanga mambo yake ya mwisho wa mwaka: naomba orodha ya wapangaji wote, namba za simu, nakala za mikataba yao, tarehe waliyoingia, dhamana ya kila mmoja, na malipo ya mwaka mzima chumba kwa chumba, pamoja na risiti za maji. Usiitaje namba 7. Wewe ni polisi, unajua faida ya kumwacha mtu atoe maelezo yake ya kwanza kabla hajajua unachokijua. Akikuletea karatasi yenye saini na muhuri inayosema namba 7 ni tupu, hiyo karatasi ina thamani kuliko ngumi.

Tena nakuomba ufungue moyo kidogo. Huenda kampuni yenyewe haijui. Kwenye biashara hizi mwenye ofisi hakusanyi, anamtuma kijana, na kijana akishaona chumba kimoja hakiulizwi na mtu, anakifanya chake. Mimi ndivyo ilivyonitokea: bosi wa wakala wangu alishtuka kuliko mimi. Hilo halimwondolei bosi wajibu, maana aliyemtuma kijana ni yeye, lakini linabadilisha namna utakavyoingia ofisini kwake. Ingia na swali.

Wakati unasubiri hesabu, rudi Kireka. Safari hii jitambulishe, tena uanze kwa mwenyekiti wa LC1, yaani serikali ya mtaa. Mpelekee nakala ya hati yako ya ardhi na kitambulisho, mwambie wewe ndiye mwenye nyumba zile na kwamba kuna mabadiliko yanakuja. Siku ya ugomvi yeye ndiye wa kwanza kuitwa, na ni vizuri awe amekuona ukiwa umetulia. Kisha pita mlango kwa mlango. Usiwaambie wapangaji lolote kuhusu wakala. Waulize wanaendeleaje, choo kikoje, paa linavuja wapi. Halafu waombe wakuonyeshe ujumbe wa malipo ya mwisho kwenye simu zao. Watu wetu wanalipa kwa mobile money, na ujumbe una tarehe, kiasi na jina la aliyepokea. Mama wa namba 7 atakuwa nao tangu Julai. Angalia jina lililopokea: ni la kampuni au la mtu binafsi? Hapo utajua kesi yako ni ya nani. Mwombe akupigie picha ya skrini akutumie, na umwahidi mbele ya mwenyekiti kwamba hatafukuzwa wala kudaiwa tena alichokwisha kulipa. Huyo mama hana kosa. Aliyelipa kwa mtu uliyemweka wewe awe wakala wako, na hajaambiwa vinginevyo, amekulipa wewe. Pesa imepotelea kati yako na wakala, na huko ndiko utaifuata.

Sasa barua. Nimehesabu vidole: siku 60 kurudi nyuma kutoka 28 Februari inaangukia tarehe 30 Desemba. Tarehe 30 Desemba Kampala nani yuko? Teksi zimekwenda kijijini, ofisi zimefungwa, na mlinzi wa ghorofa atakuambia njoo mwaka mpya. Wakala mjanja atasema hakuipata, na mwaka mwingine mzima umekwenda. Peleka kabla ya 15 Desemba. Peleka kwa mkono, nakala mbili, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa na kusainiwa na tarehe. Wakikataa kugonga, itume pia kwa barua pepe na WhatsApp, na umpe mwenyekiti nakala. Barua yenyewe iwe fupi: narejea mkataba wa tarehe fulani, kifungu fulani, natoa taarifa kwamba sitaurefusha, utakwisha 28 Februari. Usiandike matusi, usiandike habari ya kanga na roleksi. Hayo yana barua yake.

Utaniuliza, kwa nini nisubiri hadi Februari na mtu ameniibia? Unaweza usisubiri. Wakala anayeficha mapato ya aliyemtuma amevunja uaminifu ambao ndio msingi wa uwakala wenyewe, na Sheria ya Mikataba ya Uganda ya mwaka 2010 ina sehemu nzima ya mambo ya wakala na bosi wake. Mwanasheria anaweza kukuandikia barua ya kuvunja mkataba mara moja kwa sababu hiyo. Lakini mimi ningetumia hizo wiki za taarifa kama muda wa makabidhiano. Kama hesabu ikija safi na namba 7 ikaelezwa na kulipwa, maliza naye kwa amani hadi Februari. Kama hesabu haiji, au inakuja na uongo, hapo mwone mwanasheria na uvunje. Kumbuka barua ya kutorefusha inakwenda kwa hali zote mbili. Hiyo usiichelewe.

Kile kifungu cha kamisheni ya milele kimenikera. Nimekiona pia kwenye mikataba ya watu wengine, kimefichwa chini karibu na saini. Usikipuuze ukidhani hakuna atakayekidai. Wala usitetemeke. Muda mzuri wa kukiua ni sasa, mkiwa mezani. Yeye anataka usiende mbali na habari ya namba 7, wewe unataka kutoka bila mkia. Andikeni karatasi ya kumaliza uhusiano inayosema wazi kwamba baada ya 28 Februari hakuna kamisheni inayodaiwa kwa mpangaji yeyote, aliyeletwa na yeyote. Msaini wote wawili, na shahidi. Kwa karatasi hiyo moja mlipe mwanasheria aisome, hata kama mengine yote utafanya mwenyewe. Na kwa pesa ya namba 7 asithubutu hata kukutajia kamisheni. Huwezi kulipwa kwa kukusanya ulichokificha.

Ile hati uliyosaini kwa mwanasheria ndiyo inayonitia hofu kuliko mkataba. Mkataba unakwisha wenyewe tarehe 28, lakini hati ya kumpa mtu mamlaka ya kusaini kwa jina lako haifi kwa sababu tu mmekasirikiana. Akiwa na ile karatasi Machi, anaweza kumsainisha mtu mkataba wa mwaka mzima, achukue pesa ya miezi sita mbele, na huyo mtu aje na begi na godoro akuonyeshe jina lako. Kwa hiyo, itengue kwa maandishi. Kama ilisajiliwa, na utenguzi wake usajiliwe palepale, nakala moja kwake, nyingine kwa mwenyekiti wa LC1. Na udai ile ya awali irudi mkononi mwako.

Tukija kwenye pesa. Dhamana kumi za 250,000 ni milioni mbili na nusu. Namba 7, Julai hadi Oktoba, ni milioni moja. Deni la maji 1,140,000. Jumla 4,640,000, na Novemba ikikatika ongeza. Kwanza mdai kwa barua yenye mchanganuo huo. Dhamana si zake wala si zako, ni za wapangaji, na siku wakihama watakuja kuzidai kwako, hivyo usikubali "tutamalizana baadaye". Akigoma, iko mahakama ya madai madogo, inayosikiliza madai ya hadi shilingi milioni 10. Unampa kwanza taarifa ya madai ya siku 14, kisha unajaza fomu mahakamani, na unajisemea mwenyewe bila wakili. Kwa mtu aliyewahi kusimama kizimbani kutoa ushahidi kama wewe, hiyo ni kazi ndogo. Polisi je? Kama picha za simu zitaonyesha wizi ulio wazi, ni haki yako kuripoti. Ila nakuomba usiende kituo ulichowahi kufanya kazi kumwambia kijana wako wa zamani "mshike huyo". Itageuka kesi nyingine kabisa, na wewe ndiye utakuwa mshtakiwa kwenye midomo ya watu.

Maji lipa sasa, hata kama inauma, au zungumza nao ulipe kwa awamu. Shirika halijui wakala, linajua mita. Wakikata, wapangaji kumi wataanza kununua maji kwa madumu na wiki ya kwanza ya usimamizi wako itaanza kwa laana. Ukiwa hapohapo angalia akaunti ya Yaka, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, imeandikwa jina la nani. UEDCL, shirika la serikali, walichukua usambazaji wa umeme kutoka kwa kampuni ya Umeme Aprili 2025, na kama mita iko kwa jina la wakala, anza kuibadilisha mapema.

Mara wakala na mwenyekiti wakishakuwa na barua zao, waandikie wapangaji. Ukurasa mmoja, lugha wanayoielewa, ikiwezekana Kiswahili upande mmoja na Kiganda upande wa pili. Waambie kuanzia tarehe 1 Machi pango linalipwa kwa namba hii tu, yenye jina hili. Malipo yote waliyofanya kwa wakala kabla ya tarehe hiyo yanatambuliwa. Dhamana zao zinatambuliwa. Mikataba yao inaendelea kama ilivyo. Kila mlango mpe mtu mkononi, asaini kwenye orodha kwamba amepokea. Orodha hiyo itunze kama hati ya ardhi. Mpangaji atakayeendelea kumlipa wakala baada ya kusaini hana tena kisingizio, lakini yule uliyesahau kumpa barua, hasara yake ni yako.

Usipandishe pango ukiingia. Najua hesabu inakuwasha, na najua jirani anatoza 300,000. Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya mwaka 2022 inaweka kikomo cha asilimia kumi kwa mwaka, kwa hiyo kutoka 250,000 usingefika huko hata ukitaka. Wape mwaka mmoja wakuone. Sheria hiyohiyo inataka mkataba wenye thamani ya shilingi 500,000 au zaidi uwe wa maandishi. Mimi naandika yote, hata wa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kyambogo anayekaa muhula mmoja, kwa sababu nilishawahi kuwa na mpangaji ambaye deni lake lilikuwa kichwani mwangu tu, na kichwa chake yeye kilikuwa na hesabu tofauti.

Sasa tuzungumze kuhusu kufoka. Jirani yangu Kawempe alichoshwa na mpangaji wa miezi mitatu bila kulipa. Asubuhi moja alikuja na fundi, wakang'oa mlango. Sio kuuvunja, kuung'oa kabisa pamoja na bawaba, wakaubeba kichwani wakaondoka nao, na yule mpangaji amekaa kitandani na watoto wake tunamwangalia kutoka barabarani kama yuko kwenye televisheni. Jioni akatundika shuka. Alikaa nyuma ya shuka lile wiki mbili, na hakulipa. Sheria ya 2022 hairuhusu kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama, na anayefanya hivyo ametenda kosa. Wengine wanang'oa mabati. Wewe una sauti ya paredi, Afande, na una marafiki wenye pingu. Weka hilo mbali na ua wako. Mwenye deni mpe barua, mpe tarehe, andikianeni mpango wa kulipa kidogokidogo, ikishindikana nenda mahakamani. Ni polepole, ndiyo.

Kuhusu serikali, neno moja kwanza: sisi Waswahili tunaita pango kodi na ushuru pia kodi, ndiyo maana wengi wanadhani wakishapokea moja wamemaliza nyingine. Vyumba vyako vikijaa mwaka mzima vinaleta milioni 30. Mtu binafsi hatozwi kwa 2,820,000 za kwanza, na zilizobaki, 27,180,000, anatozwa asilimia 12. Hiyo ni 3,261,600 kwa mwaka. Inahesabiwa kwenye pango lote lililoingia, hupunguzi kamisheni ya wakala wala rangi ya ukuta wala deni la maji. Kwa hiyo asilimia kumi yake ilikuwa inatoka kwenye mfuko wako baada ya mkono wa URA, mamlaka ya mapato. Muulize wakala kama amekuwa akikuwasilishia ritani, yaani taarifa za kodi, na umuulize kwa namba za malipo, usikubali maneno. Mwaka wa kodi unaanza Julai. TIN, namba ya mlipa kodi, ni yako, na URA watamwandikia mwenye TIN.

Hizo 250,000 za kila mwezi utakazookoa usizile zote. Lori la kunyonya choo linakuja, hasa mvua za Aprili zikizidi. Bawaba, koki, bomba, vyote vina siku yao. Mimi naweka 100,000 kila mwezi kwenye simu ya pembeni ambayo mume wangu hajui namba yake ya siri (ataisoma hapa, basi). Na kuna yule kijana anayefagia ua na kufungua geti usiku. Hukumtaja, lakini lazima yupo, hakuna ua wa vyumba kumi bila mtu kama huyo. Anamlipa nani? Mtafute mapema. Anajua nani analala wapi kuliko wakala, kuliko mwenyekiti, na ndiye atakayekupigia simu saa nane usiku bomba likipasuka. Kama si yeye aliyekuwa anakusanya namba 7, mbakize, na mwandikie kazi yake na malipo yake.

Nimebakiza mke wako. Ana haki. Mtu mwenye mambo mawili tu, kufoka na kusamehe, asishike daftari la pango, maana wapangaji watajifunza haraka ni siku gani ya kufokewa na siku gani ya kusamehewa. Huyu mama ameuza sukari kwa robo na mkopo kwa majirani miaka kumi na minane, na duka halikufa. Huko kuna shule ambayo wewe hukupitia Moroto wala Gulu. Pango liingie kwenye simu yake, risiti aandike yeye, kwenye kitabu cha nakala mbili chenye karatasi ya kaboni, na wewe uchukue paa, bomba, choo, mwenyekiti na mahakama. Mpangaji akikufuata na hadithi ya mtoto mgonjwa, mwambie unasikitika, na umwonyeshe kwa mama.

Lakini ukienda Kireka wiki hii, nenda naye. Na yule mtoto wa namba 7 mnunulieni roleksi nyingine, halafu niandikie mama yake alikuwa anamlipa nani.